Mtani Alipokalia Jeneza Langu

Naomba niseme mapema kwamba aibu hii ni yangu na sina wa kumsingizia, maana kuna watu hapa Tabora mpaka leo tukikutana sokoni wananiambia "marehemu, za huko?" halafu wanachukua nyanya zao wanaondoka, na mimi nabaki pale na kikapu changu nikicheka bila kupenda. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi najibu "huko salama," na yanaishia hapo.

Kwa wasionijua, mimi ni Elia, ila jukwaani naitwa Kishindo, mpiga gitaa la solo na mwimbaji wa muziki wa roki, ndiyo, roki, katika mji ambao mtu akisema muziki anamaanisha dansi, kwaya au hizi nyimbo za vijana kutoka Dar. Nimeupiga tangu kiuno changu kikiwa chembamba hadi leo ninapopanda ngazi kwa kushika ukuta. Nimepiga kwenye baa, kwenye viwanja vya mpira, kwenye mnada wa ng'ombe kule Igunga (ng'ombe walikata kamba, na mwenye mnada akaniomba kwa adabu nipunguze sauti au nihame), na kwa miaka yote hiyo mtu mmoja hakuwahi kunisikia hata wimbo mmoja mzima, naye ni mama yangu mzazi.

Mama anakaa Kwihara, analima karanga na mihogo yake, ni Mmoravian wa kweli kweli, aliimba kwaya mpaka magoti yalipokataa kusimama ibada nzima. Hakuwahi kunikataza muziki. Alisema tu, zamani sana, kwamba yeye hakai penye chupa za pombe, lakini siku nikiimba mahali ambapo mtu anaweza kukaa kitako akasikiliza, nimwite. Basi, akaendelea kumenya karanga. Hakurudia tena, na mimi sikusahau, ila katika kazi yetu mahali penyewe palikuwa hapapatikani.

Ndipo Doto akaja na wazo. Doto ni mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye familia yake, ndiye mpiga ngoma wangu na ndiye anayepanga safari zetu, na alisema ziara ya safari hii tuitoe baa tuihamishie kwenye jukwaa la maigizo: watu wakae kwenye viti, pazia lifunguliwe, tusimulie maisha ya Kishindo kwa maneno na nyimbo, tuanzie Tabora, kisha Nzega, Bukene na Ziba, tupite sehemu za ile njia ya zamani ya misafara, safari hii mizigo ikiwa kwenye lori na siyo vichwani. Alieleza mengi kuhusu sanaa na hadhi. Mimi nilisikia neno viti tu. Nikamwambia sawa, ila tuanze Jumamosi alasiri, ili mama awahi kurudi Kwihara kabla ya giza.

Na kama ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia. Doto alikuwa ameandika kwamba mchezo unaanza mimi nikitokea nyuma ya pazia, nasalimia, naketi, napiga. Nikaona siwezi kuwa kwenye roki umri wote huu halafu niingie kama mwenyekiti wa kikao cha harusi. Nikaamua mchezo uanze na msiba wangu: jeneza liingie kwa mlango wa watazamaji, limebebwa na wanamuziki wangu, litue mbele, moshi ufuke, mfuniko uruke, nichomoke na gitaa likinguruma. Doto akauliza kama bibi ataambiwa (mama yangu ni bibi yake). Nikasema asiambiwe, utamu utapotea. Akaenda kuagiza jeneza.

Fundi wa Isevya alilichonga kwa mabaki ya mninga, na wanaoujua mninga wanajua uzito wake. Matundu ya hewa aliyatoboa upande wa miguu (mimi nilitaka kichwani, akasema huko mbao ina kifundo). Miguuni pangu tukaweka kimashine cha moshi kinachowashwa kwa rimoti, kifuani gitaa, shavuni maiki. Fundi mitambo, mtu makini sana, alipewa maagizo mafupi: jeneza likitua chini, washa moshi, fungua maiki ya mzee. Nilimwambia asibabaishwe na chochote atakachokiona. Hilo nalo ni kosa langu.

Siku yenyewe mama alikuja. Doto aliniletea habari nikiwa nimeshalala ndani ya sanduku nje ya mlango: bibi yuko safu ya mbele, amejifunga kitenge cha kijani, na ameridhika na kiti. Nilifurahi humo ndani kama mtoto. Nilikuwa nimemtungia wimbo, nimekaa nao miaka bila kuupiga popote, na ulikuwa wa mwisho katika mchezo, kwa hiyo nilichohitaji ni kitu kimoja tu, akae mpaka mwisho.

Jeneza lilipoingia ukumbi mzima ulisimama. Nikadhani wamesimama kwa ajili ya sanaa. Kumbe watu wa huku jeneza likipita wanasimama tu, hata liwe la maigizo, mwili unainuka wenyewe, na akina mama kadhaa wakaanza kulia kidogo kidogo (mmoja alilia kwa moyo kabisa, simjui hadi leo, ningependa kumshukuru). Halafu nikahisi tumesimama. Tulikuwa katikati ya njia, mbali na mahali tulipopanga kutua.

Aliyetusimamisha ni Mama Ndahani. Huyu ni Mgogo aliyeolewa na mtu wa reli akabaki hapa, ana duka la vipodozi Kanyenye, na hakuna msiba wa Mnyamwezi unaompita. Mnajua mambo ya utani. Sisi Wanyamwezi na Wagogo tumetaniana tangu babu zetu wakipita kwao na mizigo, na mtani akikuta msiba wako ana haki zake: atalikalia jeneza, atamwigiza marehemu, atazuia maziko mpaka ndugu wa marehemu watoe kitu wamkomboe mtu wao, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Nimezaliwa Tabora, nimezika wazee wangu Tabora, nimewaona watani wakilala mpaka ndani ya kaburi, na katika kupanga msiba wangu mwenyewe sikuwakumbuka hata kidogo.

"Hapiti," alisema Mama Ndahani. "Mnyamwezi anazikwa na mimi nimekaa kwenye kiti nimekunja miguu? Teremsheni."

Doto akamnong'oneza kwamba shikamoo mama, huu ni mchezo. Akajibu kwa sauti iliyofika safu ya nyuma kwamba marahaba, na yeye anacheza. Watu wakapiga makofi. Vijana wa bendi mikono ilikuwa imeshachoka na ule mninga, wakatua jeneza hapo hapo njiani, na Mama Ndahani, ambaye ni mama wa mwili wa kutosha, akakaa juu ya mfuniko.

Jeneza limetua. Fundi mitambo akawasha moshi, akafungua maiki.

Yaliyoendelea nje niliyaona baadaye kwenye simu za watu, maana hakuna aliyeacha kurekodi. Mama Ndahani alivua mtandio akautingisha kichwani kuwa ndizo nywele zangu, akanyoosha mguu kuwa ndilo goti langu bovu, akaukunja uso ninavyoukunja nikifika sehemu ya solo, na nasema kwa haki kwamba aliniigiza vizuri kuliko Doto alivyokuwa ameandika. Akatangaza kwamba marehemu alikuwa mteja wake mwaminifu wa piko, kila wiki pakiti mbili, moja ya nywele na moja ya masharubu. Ukumbi ukaangua kicheko. Akaongeza kwamba marehemu akifika kwenye noti za juu alikuwa anageuka kurekebisha spika, na anayeimba pale ni Doto. Hilo ni kweli, na nilikuwa naamini ni siri ya watu wawili.

Mimi ndani nilikuwa na shughuli nyingine. Moshi ulijaa, matundu ya miguuni yakatoa kidogo na mwingine wote ukabaki na mimi, nikasukuma mfuniko, haukwenda, nikasukuma tena kwa gitaa, gitaa likapiga ukelele mkali kwenye spika zote, kisha nikaanza kukohoa, na kikohozi changu kikatoka kwenye spika hizo hizo kikubwa mno. Wale waliokuwa wakiwaambia wenzao kwamba haya ni maigizo tu ndio walikuwa wa kwanza mlangoni. Nusu ya ukumbi ikaenda. Mama Ndahani hakusogea, alipiga mfuniko kwa kiganja akasema marehemu atulie, hapa duniani amesumbua vya kutosha.

Sikujua kwamba maiki iko wazi. Nilisikia vishindo vya miguu inayokimbia, nikawaza jambo moja tu, mama ameondoka. Ameliona jeneza la mwanawe bila kuambiwa, ameona mwanamke amelikalia, amesikia habari za masharubu, ameondoka, na hatarudi tena kunisikiliza maisha yangu yote wala yake. Moyo uliniuma, nasema ukweli, kuliko kifua.

"Doto," nikasema. "Mama yupo? Ameshatoka?"

Kimya. Ukumbi wote ulikuwa umenyamaza, nikachukua ukimya ule kuwa ndilo jibu.

"Mwambie asiondoke. Mwambie namwomba, bado sijaimba." Kisha nikakohoa, na baada ya hapo sikuwa tena na Kiswahili, nikaita tu kwa lugha ya nyumbani, "Mayu. Mayu wee."

Sasa pata picha mwanamuziki wa roki mwenye mvi chini ya piko, aliyejiita Kishindo, analilia mama yake ndani ya sanduku, kwa spika kubwa za kukodi, mbele ya wateja wake. Hakuna aliyecheka, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni mbaya zaidi.

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu, ikija taratibu kutoka mbele. Ikasimama karibu na kichwa changu.

"Mtani," sauti ya mama ikasema, "unataka nini kwa mtu wangu?"

Mama Ndahani akasema, kwa heshima sasa, kwamba shikamoo bibi, anataka kile alichokipenda marehemu.

"Gitaa amelala nalo," mama akajibu. "Chukua hiki changu, nipe mwanangu."

Akafungua kitenge cha kijani alichokuwa amejifunga juu ya gauni, kitenge cha kanisani, akakikunja mara mbili akampa. Mama Ndahani akakipokea kwa mikono miwili, akainuka, na yeye mwenyewe akasaidia kunyanyua mfuniko.

Nilitoka bila ngurumo yoyote. Nilitoka kwa magoti, moshi ukinifuata, jasho limeyeyusha piko likaniteremka usoni mpaka kwenye kola, na kitu cha kwanza mama alichofanya ni kunifuta shavu kwa kiganja chake, akakitazama kiganja, akajifuta kwenye gauni. Akarudi kwenye kiti chake safu ya mbele akaketi, akaweka fimbo mapajani, na ndipo nilipoelewa kwamba anasubiri.

Mchezo wote tuliokuwa tumeuandika tukauacha. Nikakaa juu ya jeneza pale pale njiani kwa sababu goti lilikataa kupanda jukwaani, nikaupiga ule wimbo wa mwisho, na sauti sikuwa nayo kutokana na moshi, nilikuwa nakwaruza tu. Tulipofika sehemu ya juu Doto akanitazama akisubiri nigeuke. Sikugeuka. Sauti ikakatika katikati, nikamalizia kwa maneno ya kawaida, na waliobaki ukumbini wakakaa vitini mpaka uzi wa mwisho ulipotulia. Mama alipiga makofi matatu ya kikanisa, akauliza gari liko wapi, maana jua lilikuwa linashuka.

Njiani kwenda Kwihara hakuzungumzia lolote zaidi ya mvua na bei ya mbegu. Mimi nilikuwa najiandaa kuomba radhi tangu tulipotoka mjini, nikipanga maneno, nikiyapangua. Tulipofika nikamshika mkono hadi mlangoni, nikaanza, mama nisamehe, lile jambo la jeneza ningekwambia. Akaniambia ninyamaze, nimekohoa vya kutosha kwa siku moja.

Akaketi kwenye kigoda chake, akavua viatu.

"Wimbo nimeusikia," akasema. "Siku yangu ikifika, Elia, usiwaachie kwaya peke yao. Uniimbie wewe. Ila bila moshi."

Nikasema ndiyo mama, nikageuka kutafuta funguo za gari zilizokuwa mkononi mwangu.

Nzega, Bukene na Ziba tulikwenda, na kote watu waliuliza jeneza liko wapi, wengine walikuwa wamekuja na watani wao kabisa. Naingilia nyuma ya pazia kama Doto alivyoandika mwanzo, nasalimia, naketi, napiga. Sanduku lile limefunikwa turubai kwa fundi wa Isevya, sitaki kulisikia, na mnisikie vizuri nyote, sitaingia tena humo kwa hiari yangu.