Pacha Aliyetolewa Damu Mara Mbili

Kurwa na Doto walifanana hivi kwamba mama yao aliwahi kumwogesha mmoja mara mbili na kumlaza mwenzake na vumbi lake. Ukubwani kazi ndiyo iliyowatenganisha: Doto alishona nguo nyumbani, Kurwa aliyeyusha madini ya risasi kwenye kiwanda cha betri.

Watafiti walipokuja kutafuta mapacha walijieleza vizuri. Pacha wa kufanana wana urithi mmoja. Mmoja akiugua na mwenzake akabaki mzima, sababu itafutwe kwenye maisha yao: kazi, maji, moshi. Ukikusanya jozi nyingi, hesabu inakuonyesha urithi umechangia kiasi gani na mazingira kiasi gani.

Kurwa alikubali yote isipokuwa sindano. Mwanamke mzima, mama wa watu, anakimbia sindano!

"Ingia badala yangu, Doto. Sisi si damu moja? Watajuaje?"

Doto akatolewa damu, akatoka, wakabadilishana mitandio, akaingia tena kwa jina la dada yake. Walicheka njia nzima kurudi nyumbani. Majibu yalipokuja, wote wawili walikuwa wazima, figo safi.

Hata miaka miwili haikuisha, figo za Kurwa zikafa, na mwenyewe akazifuata.

Baada ya maziko mtakwimu wa utafiti alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kando ya cherehani.

"Jozi kama yenu ni chache mno, dada," alisema. "Kurwa alipimwa akaonekana mzima, kisha akaondoka ghafla. Inaelekea sumu ya kiwandani haionekani mapema. Tutashauri wafanyakazi wasipotezewe muda kwa vipimo vya damu."

Doto akinyamaza, siri imezikwa pamoja na dada yake. Lakini wenzake Kurwa bado wako kwenye ule moshi, na sasa hawatapimwa kwa sababu yake. Akasema yote, hata kicheko cha njiani.

"Basi jozi yenu nitaiondoa kwenye hesabu," mtakwimu alisema. "Na vipimo vitaendelea."

"Angetoa damu yake mwenyewe, ingeonekana?"

Mtu yule hakujua kudanganya. "Ingeonekana, dada. Kabla miguu haijaanza kuvimba."

Doto alilia kwa sauti mbele ya mgeni, bila kuona haya.

"Alinishukuru," alisema. "Siku ile nzima alikuwa ananishukuru."