Magauni Sita ya Mama Mdogo

Harufu ya nguo mbichi inayokaushwa juu ya moshi wa mikaratusi haiuzwi dukani, na sidhani kama kuna mtu angeinunua. Ndani yake kuna moshi, kuna sabuni ya mche, na kuna kitu kingine kidogo kinachofanana na mahindi ya kuchoma, kwa sababu jikoni kwetu Bulyaga mahindi yalichomwa hapo hapo chini ya nguo. Mpaka leo nikiisikia najikuta nanyoosha mkono kugeuza pindo. Mwaka huo nilikuwa darasa la tatu, na kwa mwezi mzima wa masika kazi yangu ya jioni ilikuwa kuligeuza gauni la mama mdogo Atupele juu ya moto bila kuliunguza. Anayeijua Tukuyu anajua kwamba kukausha nguo mwezi wa nne si jambo la mzaha. Mvua huanza asubuhi, hupumzika mchana kidogo ili ipate nguvu, kisha huendelea na kazi yake. Wenye nguo kumi walivaa moja huku tisa zikiwa kambani zinasubiri jua. Mama mdogo alikuwa na moja tu ya kutokea mbele za watu, ukiacha vitenge viwili vya shambani na blauzi nyeupe aliyobaki nayo tangu shule, na hiyo moja ilirudi kila jioni ikiwa na tope mpaka magotini.

Alikuwa mdogo wa mwisho wa mama yangu. Alikuja kutoka Lupepo na kikapu kimoja cha nguo na kingine cha magimbi, na ruhusa ya babu yenye mwisho wake: akipata kazi mjini, akae; mwezi wa nne ukiisha hana kazi, arudi nyumbani kuchuma chai. Walimpa nusu ya kitanda changu. Siku ya kwanza nilinuna, kwa sababu kitanda kile nilikuwa nimekipigania kwa kaka zangu kwa machozi mengi. Siku ya tatu nilikuwa tayari kumpigania yeye. Alinisikiliza nikizungumza kama anavyosikilizwa mtu mwenye ndevu. Alicheka kwa pua. Na baridi ya Tukuyu ilipopanda, nikimwambia miguu yangu imeganda, hakuniambia nivae soksi kama mama. Aliniambia, "Sogea," akaibana miguu yangu katikati ya miguu yake mpaka nikasinzia. Nilimpenda, basi. Sikutaka kabisa arudi Lupepo, na sikuona kwa nini chai isichumwe na watu wengine.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, ambapo maduka yaliyozoea kuonyesha rafu tupu na mwenye duka anayesinzia yalianza kujaa vitu usiku na mchana. Bi Zuhura, mjane ambaye watu wake walitoka pwani zamani wakaja kufanya biashara huku kwetu milimani, alifungua duka la nguo karibu na soko. Lilikuwa na kioo kirefu cha kujitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, na watu walipanga mstari kukitazama zaidi kuliko walivyopanga kununua. Bi Zuhura akatafuta msichana wa kuuza. Mama mdogo akaenda, akapendwa kwa sauti yake na kwa heshima, akapewa mwezi mmoja wa majaribio na sharti moja. "Mwanangu," Bi Zuhura alimwambia, "hili ni duka la nguo. Mteja anakutazama wewe kwanza, ndipo atazame kilichotundikwa. Sasa mimi sitaki kuona nguo moja mara mbili katika wiki." Mama mdogo akaitikia, "Ndiyo, Bi," kwa utulivu wa mtu mwenye kabati tatu. Alifika nyumbani akaketi juu ya kinu, akasema amekwisha.

Hakuwa amekwisha, kwa sababu kulikuwa na lile gauni. Alikuwa amelipata sokoni, belo la mitumba lilipofunguliwa, na alilipata kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Wanawake walilinyanyua, wakatafuta shingo, wakaikosa, wakalitupa. Lilikuwa na sketi pana, na pale ambapo gauni la kawaida huwa na kifua lenyewe lilikuwa na mikia miwili mirefu, kila mmoja mrefu kuliko mimi. Muuzaji mwenyewe alidhani ni aproni ya hotelini, halafu akadhani ni mbeleko ya Wazungu. Nje lilikuwa kijani kama majani ya chai. Ndani lilikuwa rangi ya damu ya mzee, na mshono wake ulikuwa safi pande zote mbili, hata usingeweza kuapa ni upi uliokusudiwa kuonekana. Jioni ile mama mdogo aliunyanyua mkia mmoja, akaupitisha begani, akauzungusha kiunoni, akanitazama. Mimi niliunyanyua wa pili nikaupitisha upande mwingine. Tukawa na gauni la Jumatatu.

Kufikia Jumapili jioni tulikuwa nayo sita. Niliyachora yote kwenye kurasa za mwisho za daftari langu la Sayansikimu, na mishale ya kuonyesha mkia upi unapita wapi, kwa sababu asubuhi mtu ana haraka na fundo likikosewa linakosa mpaka jioni. Kila moja nililipa jina. Nesi Mkuu ilifungwa kwa kukaza kifuani, na ukosi wake tuliukata kwenye pazia kuukuu la chumbani. Kwaya ilikuwa na mabega mapana. Siku ya Jumatano tuligeuza ndani nje, mama mdogo akavaa ile blauzi ya shule juu, mikia ikafichwa chini, na hapo gauni likawa sketi ya kawaida isiyojua lolote. Ijumaa, kwa heshima ya nyumba ya Bi Zuhura, mkia mmoja ulikuwa mtandio wa kichwani. Jumamosi kulihitajika mkanda, nami nikajua mkanda ulipo, kwani baba alikuwa karani na alikuwa na tai mbili. Baba hakusema kitu hadi wiki ya pili, tukiwa tunakula. "Leo nimepita dukani kwa Bi Zuhura," alisema, huku akimenya ndizi. "Nimeiona tai yangu. Nimefurahi, imepata kazi nzuri kuliko ya kwangu." Mama akainama kwenye sahani yake na mabega yakaanza kutikisika.

Gauni nililojivunia zaidi lilikuwa la Alhamisi. Nililiita Mgomba, maana mikia ilining'inia pembeni kama majani, na lilikuwa wazo langu peke yangu, kwa hiyo ndilo lililofunguka. Mama mdogo alipanda stuli ya mbao kushusha shati la mteja, mkia mmoja ukafyatuka ukaburuzwa sakafuni mbele ya wateja. Alishuka taratibu, akautupia begani, akasema kwamba hivyo ndivyo wanavyovaa Dar es Salaam siku hizi. Hakuwahi kufika hata Makambako. Jumamosi yake nilipotumwa sokoni niliwaona wasichana wawili wakitembea na kanga zinazoburuza tope upande mmoja, wamenyanyua shingo. Nilitaka kuwaambia waanguke salama.

Basi tukalewa sifa. Wiki ya tatu ikapita, ya nne ikaanza, na mimi nilishaacha kuhesabu siku, nikaanza kumdharau babu na chai yake. Ijumaa ya mwisho mama mdogo alirudi hajavua mtandio, maji yanamtiririka usoni na nusu yake haikuwa mvua. Alikuja dukani Mama Anyosisye wa Kyimo, mwanamke mpana wa migomba na ng'ombe, ambaye mwezi mzima alikuwa anapita pale kila akileta ndizi sokoni. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka wapambe sita, na kila mpambe avae moja ya magauni ya yule msichana wa dukani. "Ile ya Jumatatu, ile yenye mabega, ile ya majani, nimeziona zote, ni nzuri fijo, nzuri mno," alimwambia Bi Zuhura. Bi Zuhura alifurahi mpaka akaagiza chai. Kisha akamgeukia mama mdogo: "Kesho njoo na magauni yako yote sita, fundi Hamisi apime anakili."

Nilitoa mawazo yangu yote. Aseme yameibwa. Aseme yameungua. Aseme ng'ombe wa jirani ameyala.

"Ng'ombe ale matano abakize moja?" mama mdogo aliuliza.

"Alishiba, mamdogo."

Alicheka kwa pua, kisha akalia, kisha akasema jambo lililonitisha kuliko kilio. Alisema hawezi kumdanganya mtu mzima ambaye hajamkosea. Alisema ataenda na gauni lake, na mimi nitaenda na daftari langu, na Jumapili atapanda gari la Lupepo. Jioni ile niligeuza lile gauni motoni kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao, na nikadondosha machozi ndani ya mahindi.

Dukani walikuwa wanatungoja wote: Bi Zuhura, Mama Anyosisye, fundi Hamisi na futi yake shingoni, na kwenye kona yake ya siku zote Bibi Mwanaidi, mama mkwe wa Bi Zuhura, ambaye macho yalikwisha kufungwa na mtoto wa jicho na aliyekaa pale kutwa na tasbihi akiitikia shikamoo za watu. Mama mdogo aliamkia, akasema magauni ameyaleta. Bi Zuhura akatazama mikono mitupu. Mama mdogo akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nami nikamfuata, blauzi na ukosi vikiwa chini ya sweta langu, nikafungua daftari. Tukatoka na Jumatatu. Fundi akapima. Tukarudi ndani, tukatoka na Jumanne, naye fundi akapima tena, safari hii polepole. Tulipotoka na Jumatano fundi hakupima. Alikuwa anatazama mshono wa kiunoni, na uso wake ulikuwa umeanza kucheka bila ruhusa yake. Alhamisi nilikosea fundo mara mbili, tukatoka nayo mkia mmoja unaning'inia. Hapo kwenye kona tukasikia sauti.

"Mnamchosha mtoto wa watu bure," alisema Bibi Mwanaidi. "Ni lile lile. Tangu siku ya kwanza ni lile lile. Linanuka moshi wa mkaratusi na mahindi."

"Mama!" Bi Zuhura alisema. "Umejua mwezi mzima, hukuniambia?"

"Mimi nisiyeona, nani ataniuliza habari za nguo?"

Bi Zuhura alitoka nyuma ya meza, akamzunguka mama mdogo. Alishika pindo, akaligeuza, akaiona damu ya mzee chini ya kijani. Akavuta mkia mmoja mpaka mwisho wake. Mama mdogo alikuwa anatazama sakafu, na mimi nilikuwa nimeshika sketi yake kwa nyuma, kana kwamba gari la Lupepo limekwisha kufika mlangoni.

"Nilikuambia nisione nguo moja mara mbili katika wiki," Bi Zuhura alisema.

"Ndiyo, Bi. Nisamehe."

"Mimi nina miaka ishirini natazama nguo. Nimeiona mara mbili?" Akajijibu mwenyewe kwa hasira kidogo. "Sijaiona."

Aliyepiga kelele alikuwa Mama Anyosisye. Nilidhani anadai haki yake, kumbe alikuwa amepiga hesabu na imemfurahisha: binti yake naye ashonewe hilo hilo, aende nalo kwa mumewe, na mawifi wamhesabie magauni sita. Fundi Hamisi alishona yale ya wapambe kwa kunakili gauni lile moja, na mama mdogo ndiye aliyekwenda Kyimo kufunga mafundo yote kutoka kwenye daftari langu. Kazi akapata. Bi Zuhura alimwambia anataka mtu wa kufungua duka saa moja asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, kwa hiyo Jumatatu ahamie kile chumba cha nyuma ya duka. Nilishangilia na wengine. Mimi mwenyewe nilibeba kikapu chake hadi mlangoni. Ni usiku ndipo nilipogundua kitanda changu ni kikubwa kiasi gani, na kwamba kitu pekee nilichokitaka katika ule mpango hakikuwamo tena ndani yake. Nilimwambia mama miguu yangu imeganda. Aliniambia nivae soksi.

Sasa naishi Mbeya, nina kabati, na ndani yake nguo ambazo nyingine nimesahau nilizinunua lini. Kila moja ina njia moja tu ya kuvaliwa. Kila asubuhi nasimama mbele yake na kutangaza kwamba sina nguo, na binti yangu ananiunga mkono, maana naye hawezi kurudia gauni ambalo watu wamekwisha kuliona kwenye simu. Masika iliyopita nilimpeleka Tukuyu, kwa mama mdogo, ambaye siku hizi ana duka lake na vijana wawili wa kuuza. Nilimwomba alitoe lile gauni. Lilikuwa limepauka, na mimi nimenenepa, lakini mikia ilitosha kusamehe mambo mengi. Tulijaribu Alhamisi bila daftari, ambalo lilipotea zamani, na mara mbili mkia ukaanguka. "Geuka, Tusa," alikuwa ananiambia, nami nageuka mbele ya binti yangu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anacheka. Mtoto akainuka, akalinusa, akauliza kwa nini linanuka moshi.

Nilikuwa nimepanga kurudi Mbeya jioni ile ile. Mvua ilikuwa kisingizio kizuri, nikabaki. Mama mdogo alimpa mtoto chumba cha wageni, akanipa mimi nusu ya kitanda chake bila kuniuliza. Nilimwambia miguu yangu imeganda. Akaniambia nisogee.