Sanduku Lisilokoroma

Fundi wa vichezeo wa pale kona hana haraka na mtu. Mikono yake ni mipana kama ya mwashi, lakini ukimwona akirudisha springi ndogo mahali pake kwa ncha ya kucha, unajikuta umezuia pumzi. Kazi yake kubwa ni yale masanduku ya kufundishia watoto kuendeleza maneno: mtoto anapanga vibao vya herufi chini ya picha, anavuta mpini, na akipatia, kengele inalia. Akikosea, sanduku linakoroma. Lakini sanduku likishapita mikononi mwa fundi huyu halikoromi tena, uwe umemwomba au hukumwomba.

Juzi nimeketi kwenye benchi lake kama kawaida yangu, mama mmoja akarudi na sanduku lake, bintiye nyuma yake, amefura kwa hasira. "Fundi, umeniharibia! Sasa mtoto atajuaje kwamba amekosea?"

"Si kengele haitalia, dada?" fundi akajibu, bisibisi mkononi juu ya kichezeo alichokuwa akikikaza skrubu. "Hebu mwache ajaribu."

Binti wa yule mama, ambaye nyumbani alikuwa akilikimbia sanduku hilo lilipokuwa likikoroma, akachuchumaa mbele ya picha ya paka. Akapanga, akavuta. Kimya. Akabadilisha kibao, akavuta tena. Kimya. Mama akafungua mdomo. Fundi akamwinulia kiganja. Mtoto akajikuna kichwa, akabadilisha kibao kingine, akavuta, na kengele ikajaza duka zima.

"Nataka tena!" akasema.

Hapo ndipo bisibisi ya fundi iliposhuka kwenye skrubu. Muda wote ule ilikuwa imesimama hewani.