Ukuta wa Mama kwenye Karatasi

Mwezi uliopita, mwalimu wetu wa chuo alikuwa akituonyesha michoro ya Ulaya, yenye duara na pembe tupu, akisema sanaa ya namna hiyo ilizaliwa huko. Nje mvua ilikuwa imeanza. Harufu ya udongo uliolowa ikaingia dirishani, na mimi nikajikuta nimerudi utotoni, katika mji wetu wa Baraka. Nikasema kwa sauti kwamba mama yangu aliichora hiyo kwa kiganja, na hakuwahi kufungua kitabu chao hata kimoja. Darasa likacheka. Wacheke tu, ninyi nisikilizeni.

Kwetu, Bonne Année, yaani Mwaka Mpya, ikikaribia, wanawake walikandika upya kuta za nyumba zao za udongo. Mama alikoroga udongo mwekundu mpaka ukawa laini kama uji, akatafuta udongo mweupe wa milimani, upande wa Fizi, akasaga na mkaa wa kutia weusi. Kisha alivuta mistari mikubwa ya kupinda ukutani kwa kiganja. Kuinua kiganja kabla mkono haujafika mwisho wake ilikuwa aibu, kwa sababu jirani akipita angeona mahali uliposita. Mama hakusita.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu wa kuchora alituchorea ubaoni nyumba ya kunakili, yenye madirisha mawili na bomba la moshi juu ya paa. Nani pale Baraka alikuwa na bomba la moshi juu ya paa? Moshi wetu ulitokea mlangoni, pamoja na kuku. Mimi nikachora ukuta wa mama, bila rula.

“Futa hiyo uchafu,” mwalimu akasema.

“Sifuti, Mwalimu. Hii ni nyumba yetu.”

Sikuwa shujaa. Ila kifutio sikukigusa. Akanitoa nje, akasema sitafanya mitihani ya wiki ile mpaka mzazi aje na mchoro ufutwe. Kukosa mitihani ilikuwa kurudia mwaka, na kwetu msichana aliyerudia mwaka aliishia shambani na jembe.

Mama alikuja kesho yake, udongo umemkaukia viwikoni. Nilingoja amshushue mwalimu, maana ulimi wake uliogopwa soko zima. Aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kisha akaniomba kifutio.

“Nitafuta miye mwenyewe, Mwalimu. Mutoto aingie mu examen.”

Akafuta polepole, mstari mmoja baada ya mwingine, wenzangu wote wakitazama. Nilimchukia. Nilifanya mitihani nimenuna, nikafaulu, na kwa siku nyingi nikawa namjibu kwa mkato. Moyoni nilisema ameniuza. Hata aliponiachia kipande cha ukuta kando ya mlango, kinacholingana na urefu wa mkono wangu, nilikichora bila kumshukuru.

Nimechelewa sana kuelewa, na inaniuma. Mwalimu alitaka karatasi safi, akaipata. Lakini alichokitaka hasa ni kuniona mimi nikifuta, na hicho mama hakumpa. Aibu ya siku ile aliibeba yeye, mbele ya watoto wa majirani zake, na mimi nikabaki yule mtoto aliyekataa. Bado nakataa.