Jinsi Nilivyogeuzwa Mchungaji wa Bijombo

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa karani na mkalimani wa biro, ofisi ya serikali pale Uvira, Kongo, kando ya ziwa. Nilivaa kravati shingoni kila siku, hata siku ambazo joto la ziwa liliwafanya wazungu wenyewe wafungue vifungo. Nilikuwa na baiskeli, nyumba ya matofali mtaani Nyamianda, na mke aliyeshonea watu nguo kwa cherehani. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyechaguliwa baadaye kuwakilisha maisha ya porini.

Asubuhi moja bwana mkubwa wa biro aliniita. Kando yake alikaa mzungu mgeni, mwembamba, shingo imeiva kwa jua, kamera mbili zinaning'inia kifuani. Alikuwa ametumwa kutoka Léopoldville kutengeneza mfululizo wa picha za kuonyeshwa Ulaya, kuhusu Mwafrika na undugu wake na asili. Picha zote alikuwa amekwisha kuzichora kwenye karatasi kabla hajamwona hata mmoja wetu. Ya kwanza, mtu na maji. Ya pili, mtu na udongo. Ya tatu, mtu na mnyama. Katika kila mchoro alisimama mwanamume kifua wazi, akitazama mbali.

"Anatazama nini?" nilimuuliza kwa Kifaransa.

"Umilele," alinijibu.

Niliitikia kwa kichwa kama karani anavyopaswa kuitikia, nikaenda kutafuta watu.

Shida ilikuwa nguo. Wavuvi wetu walivaa kaptula za kaki na mashati ya dukani. Mgeni alikuwa amelifikiria hilo pia. Alifungua sanduku akatoa kitambaa cha rafia, cha nyuzi za majani, alichokinunua Kasai, kimefumwa vizuri sana. Nilimweleza kwa adabu kwamba kwetu hakuna anayevaa rafia, na kwamba mtu wa Uvira akiiona Kasai kwenye ramani huuliza kama bado ni Kongo.

"Huko Ulaya hawatajua," alisema.

Mtu wa maji alikuwa jirani yangu, mvuvi mwenye kifua kipana, anayependa kutazamwa. Alikigeuza kitambaa kile mara kadhaa mkononi.

"Minye niko na kaptula mupya, na weye unaniletea majani?"

Hata hivyo alikifunga kiunoni, akasimama ndani ya mtumbwi wake. Mgeni akaiona taa kubwa ya kuvutia ndagala usiku, wale samaki wadogo wa ziwa, akaagiza iondolewe, maana haikuwa ya asili. Nilipotafsiri, mvuvi alinitazama mimi, si yeye.

"Bila taa ndagala hawakuje. Huyu mutu wa picha yake atakula nini?"

Nilimtafsiria mgeni kwamba mvuvi amekubali.

Tulipanda gari hadi Luvungi kwa picha ya udongo. Mkulima tuliyempata alikuwa katikati ya shamba la pamba, kwa sababu pamba ililazimishwa na asiyelima alifungwa. Mgeni alikunja uso. Pamba, alisema, inaharibu wazo. Yeye alitaka mtu aliye huru na ardhi yake. Je, haingewezekana kuing'oa kidogo, pale mbele tu?

Mkulima alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho, akajipangusa jasho.

"Mwambie aende kwanza kuongea na muzungu wa pamba," alisema. "Wakisikilizana, minye nitang'oa yote."

Picha ilipigwa kwenye mihogo ya jirani, mkulima amevaa rafia ileile ya mvuvi juu ya pantalo aliyoikunja hadi magotini.

Ikabaki picha ya mnyama. Kwa hiyo ilibidi twende Bijombo, juu milimani, kwenye ng'ombe. Njia ilikuwa ya miguu. Mgeni alijaribu kutembea, lakini mawe yalimchubua visigino, akabebwa na watu kwa kipoyi, kiti cha kuchukuliwa mabegani, mlima mzima. Njiani, huku wabebaji wanahema, alinieleza jinsi Ulaya ilivyosahau kuigusa ardhi kwa nyayo.

Juu kulikuwa na ukungu na upepo unaokata masikio. Mchungaji alitupokea vizuri, mtu mrefu mwenye koti zito la askari lililofungwa hadi kidevuni. Mgeni alimwonyesha rafia. Mama yangu alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, kwa hiyo tulisikilizana na mchungaji kwa Kirundi alichonifundisha, kilicho karibu na lugha yake.

"Anataka nivue koti?"

"Ndiyo."

"Avue lake kwanza."

Nilitafsiri, na safari hii neno kwa neno. Mgeni alifurahi. Aliona hapo undugu wa kweli kati ya mtu na mtu. Akavua jaketi, akavua tiriko, sweta yake nzuri ya sufu, akaishika mbele kumwonyesha mwenzake jinsi jambo lilivyo rahisi. Mchungaji aliipokea kwa mikono miwili, akainama kushukuru, akafungua koti, akaivaa, akafunga tena koti juu yake. Kisha akarudi kwa ng'ombe wake.

Mgeni alibaki anatetemeka kwa shati, meno yanagongana. Hakuthubutu kuidai. Alitazama huku na huku, na macho yake yakatua kwangu.

"Wewe," alisema.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa ziwa, kwamba naogopa ng'ombe, kwamba nina cheti. Alinikumbusha nani alinituma. Basi nilivua kravati, nikaikunja ndani ya kiatu, nikasimama katikati ya pembe zile ndefu, rafia inapepea. Hasira ilinijaa mpaka nikasahau baridi. Ng'ombe mmoja alianza kunilamba mgongo. Niligeuza macho mbali, nikiitafuta njia ya kutorokea.

"Ndiyo hivyo," mgeni alinong'ona. "Umilele."

Nilirudi na homa. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto, akacheka hadi akakaa chini. Wiki nzima wateja wake walipita dirishani kuniuliza bei ya maziwa.

Baada ya miezi mingi gazeti lilifika kutoka Ulaya. Bwana mkubwa alipenda sana ile picha ya tatu, akaiweka kwenye fremu ukutani nyuma ya meza yake. Nilikuwa nimeingia kumletea karatasi za kusaini, kama kila asubuhi, nikasimama mbele yake na kravati yangu. Aliigeukia picha.

"Tazama heshima hii," aliniambia. "Wewe uliyesoma huwezi tena kusimama hivyo. Unamfahamu huyu mtu?"

Nilimtazama vizuri yule wa ukutani.

"Nilimfahamu, bwana. Amekwisha kufa."

Alisikitika kweli. Alivua miwani, akasema watu wa namna ile wanakwisha, na akaniomba nifunge mlango taratibu.