Mguno wa Friji

"Mmmh." Ndivyo fundi mmoja wa friji alivyokuwa akimwitikia mkewe kila alipoulizwa jambo huku amebana bisibisi kwa meno. Alipofariki, mguno ule ulibaki jikoni. Kila mota ya friji yao kuukuu ilipozima, ilijitikisa kidogo na kusema vivyo hivyo.

Mjane wake, mshonaji wa sare za shule, hakuogopa. Alianza kuiuliza friji mambo. Nipokee kazi hii? Nipake ukuta rangi? Alisubiri mota izime, ikiguna, jambo limepita. Na kwa kuwa mota yoyote huzima, hakuwahi kukataliwa.

Aliitunza kama mgonjwa wa nyumbani. Barafu aliiacha iyeyuke yenyewe, hakuikwangua kwa kisu. Mpira wa mlango ulipolegea, aliukaza kwa lastiki ya sketi.

"Wifi, kaka yangu kafa, wewe umeolewa na friji," dada wa marehemu, aliyeishi chumba cha uani, alimtania. "Mahari nimdai nani?"

"Kunywa maji yako ya baridi, unyamaze."

Dawa ya wifi, ya sindano za kisukari, ilikaa rafu ya kati. Fundi aliyewahi kufanya kazi na marehemu alishaonya kuwa friji imechoka, itafutwe nyingine. Mjane akaiuliza friji: "Ubaki?" Ikaguna. Ikabaki.

Kisha wifi akaanza kushikwa na kiu isiyokatika. Alijichoma sindano kila siku, na kila siku akazidi kunyong'onyea, mpaka akaanguka mlangoni akapelekwa hospitali.

Fundi alikuja mchana, jua likiwa limejaa jikoni. Akaingiza mkono rafu ya kati. Uvuguvugu.

"Dawa imeharibikia humu, shemeji. Wifi yako alikuwa anajichoma maji tu."

"Lakini mota inafanya kazi. Jana iliguna."

"Iliguna saa ngapi?" Fundi alitega sikio nyuma ya friji. "Gesi imekwisha. Ikiwa hivi haizimi kabisa, inanguruma moja kwa moja. Ina wiki kadhaa haijazima hii."

Mjane alihesabu siku. Jana iliguna. Juzi pia. Na siku ile alipouliza "Ubaki?", iliguna kabla hajamaliza swali.

Friji nyingine aliyokuja nayo fundi, iliyotumika lakini nzima, ilikuwa mlangoni juu ya mkokoteni. Wifi angerudi kesho na dawa mpya. Fundi alinyoosha mkono kuichomoa ile kuukuu.

"Acha. Nitaichomoa mwenyewe."

Akavuta plagi. Ngurumo ikakatika, mota ikatulia kabisa. Plagi ikalala sakafuni, waya umelegea, wote wawili wakiitazama.

"Mmmh."

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga mkokoteni. Mjane hakurudi nyuma. Aliweka kiganja juu ya mlango wa friji, pale rangi ilipochubuka kwa miaka ya kushikwa, akainamisha kichwa.

"Safari hii," akanong'ona, "sijakuuliza, mume wangu."