Tani Nne Tu, Hata Mlimani

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuchoma migongo ya wapakiaji kwenye mteremko wa Kajulu, juu ya mji wa Kisumu. Lornah Adero anapanda trekta, anawasha injini, anasogea mbele kidogo kisha anazungusha usukani kulia na kushoto. Usukani unazunguka kwa kidole kimoja.

Anazima injini na kushuka.

"Hii haishuki," anasema.

Nyuma ya trekta, juu ya trela ya tipa, limelala gogo la mvule la futi ishirini. Watu wawili wakilikumbatia, vidole vyao hugusana kwa taabu. Ni mti wa kumwacha mtu mdomo wazi. Wanaume sita wametokwa jasho tangu jana kulipandisha humo, wakilivingirisha juu ya nguzo mbili huku trekta ikilivuta kwa mnyororo. Sasa mwanamke mmoja mwenye buti za mpira na kitambaa kichwani anawaambia walishushe.

Kwa asiyejua, usukani mwepesi ni raha. Kwa Lornah ni habari mbaya. Maana yake mzigo wa nyuma umeanza kuinua pua ya trekta, na magurudumu ya mbele hayaikamati ardhi sawasawa. Kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa trela kinasema mzigo usizidi tani nne, na ndicho kiwango kilichoruhusiwa kisheria ilipokaguliwa. Gogo hili, kwa makadirio ya mwajiri wake mwenyewe, linakaribia tani tano.

Wapakiaji wananung'unika. Mmoja anamkumbusha kwamba mizani iko barabara kuu, huku porini hakuna askari wa kuwasimamisha.

"Askari hayuko," Lornah anamjibu. "Lakini mlima iko."

Lornah ana miaka thelathini na minane. Wapakiaji humwita Nyar Muhoroni, binti wa Muhoroni, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa na ndiko alikojifunza trekta, akibeba miwa kupeleka kiwandani. Huko dereva husifiwa kwa kimo cha shehena yake. Miwa hurundikwa hadi juu ya vyuma vya pembeni, mingine ikaning'inia, na anayepita na trela iliyojaa pomoni hupungiwa mikono.

"Jicho langu ilifundishwa na miwa," anasema. "Nikiona nafasi juu ya trela, najua bado kuna kazi."

Alihamia Kisumu mwaka 1988, mjane mwenye watoto watatu, akapanga chumba Migosi. Mfanyabiashara wa mbao kutoka Mkoa wa Kati, Ephantus Mbuthia, akampa trekta na trela ya kubebea miti. Watu walimcheka Ephantus kwa kuajiri mwanamke. Wiki ya kwanza haikuisha, wakapata la kusema.

Siku hiyo walikuwa wakitoa mikalitusi iliyokatwa karibu na mto Kibos. Lornah alipakia kama alivyozoea, hadi juu ya vyuma vya pembeni. Hakujua, au hakufikiri, kwamba mkalitusi mbichi umejaa maji na kwamba kimo kile kile cha miwa kinakuwa mzigo mwingine kabisa. Kwa macho yake shehena ilikuwa ya kawaida. Walipoanza kupanda kutoka bondeni, aliona pua ya trekta ikiinuka taratibu mbele yake mpaka ikaziba njia.

Trela iliirudisha trekta nyuma, minyororo ikakatika, magogo yakamwagika. Mpakiaji wake, Oduor, alikuwa akitembea nyuma. Gogo moja lilimkuta mguuni. Madaktari walifanya walichoweza, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Lornah anapolisimulia hilo hatazami mtu. Anasema alikwenda hospitalini kila jioni akisubiri Oduor amlaumu, na Oduor hakumlaumu hata mara moja. Hilo, anasema, lilimuuma kuliko matusi. Oduor alipopona aliomba arudishwe kazini, na mpaka leo, mwaka huu wa 1996, ndiye anayetangulia mbele ya trekta na mkongojo wake, akiondoa watu na mbuzi njiani.

Tangu hapo Lornah hupima kila mzigo kwa usukani kabla ya kuondoka. Ukizunguka kirahisi kuliko ulivyokuwa trela ikiwa tupu, sehemu ya mzigo inashushwa.

Leo kushusha si jambo dogo. Gogo hili ni la Mzee Dishon Ogola, fundi wa mashua wa Dunga, kando ya ziwa, ambaye mashua zake huvua hadi Port Victoria. Analitaka kwa ajili ya mkuku, ule uti wa chini unaobeba mashua nzima. Naye ana desturi aliyorithi kwa baba yake: mti wa mkuku haupasuliwi mpaka ufike ufukoni, usikie maji. Amepanda mlima mwenyewe kuhakikisha unashuka mzima.

Ephantus anafika na pikapu yake, uso umekunjamana. Anamwambia Lornah kwamba kuna dereva mwingine mjini anayesubiri kuitwa, na huyo hana maswali mengi. Kila aliyesimama pale anaelewa maana yake. Lornah akipoteza usukani huu, hakuna mwingine atakayempa.

Lornah anaisogelea trekta. Kisha anapigapiga chuma cha juu ya gurudumu la nyuma.

"Mzee, trekta ni yako. Kama ni lazima gogo ishuke mzima, panda ukae hapa karibu na mimi. Tushuke pamoja."

Ephantus anamtazama kama aliyetukanwa. Halafu, kwa mshangao wa wote, anapanda kweli. Anaushika usukani kwa mkono wake na kuuzungusha. Anautazama mteremko, mawe yake, na mabati ya nyumba za watu yanayong'aa huko chini njia inakoishia. Anaposhuka, anamwendea Dishon na kumwomba radhi, kisha anaagiza msumeno wa injini uletwe.

Mzee Dishon anakataa msumeno uguse kitu kabla yeye hajachora. Anachovya uzi kwenye masizi, anauvuta kutoka ncha hadi ncha na kuuachia upige mstari mweusi mnyoofu. Baba yake, anasema, alibeba miti kwa mabega ya watu, hakuwahi kuona trekta ikisimama kwa miguu ya nyuma; desturi yake haikulijua hilo.

Gogo linashushwa, na saa sita mchana imeshapita ndipo linapofunguka. Ndani ni la rangi ya asali, na harufu yake inawasogeza karibu hata wale walionung'unika. Nusu moja inabaki mlimani kusubiri kesho, ya pili inapakiwa. Lornah anapanda, anazungusha usukani, na safari hii unamkatalia kidogo. Anatabasamu kwa mara ya kwanza leo.

Kumwona akishuka Kajulu ni jambo la kuogopesha na la kupendeza kwa pamoja. Gia ya chini, mguu mwepesi, mti mzito wa miaka isiyojulikana ukipumua nyuma yake, na mbele Oduor akichechemea bila kugeuka hata mara moja kutazama kinachomfuata.

Ufukoni Dunga, tipa inainuka taratibu na mti unateleza hadi mchangani. Mzee Dishon anachota maji ya ziwa kwa viganja na kuunywesha. Anamwambia Lornah, kama baba kwa mwanawe, "Kesho lete ndugu yake, nyathina."

Ephantus anasema mwaka ujao atanunua trela kubwa zaidi, ya tani sita. Lornah anasema ikija atapakia sita, na wakimwomba ya saba atazima injini. Alipoulizwa anatarajia nini baada ya hapo, alifikiri kidogo huku akifuta tope kwenye buti.

"Nizeeke," alisema. "Nife kitandani kwangu. Na wote nilipakia na wao miti waje kunizika, wakitembea na miguu yao."

Oduor, aliyekuwa amekaa kando yake mchangani, aliuchukua mkongojo wake, akasimama.

"Mimi nitatangulia mbele," akasema, "niondoe watu njiani."